Kumketisha Mzee si Kumheshimu

Ndugu msomaji, kipupwe kinapoingia katika uwanda wa kati, mwenendo wa nyumba hubadilika pasipo mtu yeyote kutoa amri. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo mkavu wa kusi huvuma juu ya Buigiri, Chamwino na vijiji jirani. Kwa kuwa nchi hii imeinuka kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 13 au chini yake. Jua nalo huchelewa, likachomoza karibu saa 12:45 asubuhi. Basi watu huchelewa kutoka kitandani, milango hufungwa mapema, na birika la chai halitoki jikoni.

Kipupwe hiki huja wakati uleule ambapo mavuno ya mtama na uwele yamekwisha kuingia ghalani, na jembe limepumzishwa hadi matayarisho ya mashamba kabla ya mvua za Desemba. Zamani mapumziko hayo hayakuwa ya kuketi. Akina mama walifuata maji na kuni mbali, wanaume walifuata mifugo malishoni, na mwaliko wa harusi ulikuwa safari ya miguu. Siku hizi, kwa wengi wetu, maji yako bombani na pikipiki inangoja mlangoni. Hayo ni maendeleo, na hakuna mwenye akili atakayeyalilia. Lakini mwili haukupewa taarifa ya mabadiliko hayo.

Wanaoumia zaidi ni wazee wetu. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, nyumba za wafanyakazi zimeenea kwa wingi kando ya barabara ya Morogoro. Wengi wetu tumewaleta wazazi wetu waishi nasi. Mama aliyelima miaka hamsini anapofika, tunamwambia: "Mama, umechoka vya kutosha, sasa pumzika." Anapewa kiti, blanketi na chai. Akiinuka kufagia uwanja, mkwe humnyang'anya ufagio kwa adabu. Akitaka kwenda dukani, mjukuu hutumwa badala yake. Baada ya vipupwe viwili, mama yule aliyekuja akitembea kwa miguu yake hawezi tena kupanda ngazi tatu za kibaraza. Twasema ni uzee. Aghalabu si uzee peke yake, ni kiti.

Yafaa ieleweke kwamba misuli ya binadamu huanza kupungua kidogo kidogo baada ya miaka ya thelathini, na baada ya sitini upungufu huo huongezeka kasi. Misuli isiyotumika hupungua upesi zaidi. Ikipungua, mwili hutumia chakula kidogo kuliko zamani. Ilhali sahani imebaki ileile, kinachozidi huwekwa akiba kama mafuta. Uzito huo hulielemea goti, goti likauma, na mwenye goti akazidi kuketi. Hivyo ndivyo duara hilo linavyozunguka hadi mtu akawa mfungwa wa chumba chake.

Tuitazame chai, maana ndiyo rafiki mkubwa wa kipupwe. Kijiko kimoja cha sukari kina gramu nne hivi. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, hula gramu 48 za sukari kabla hajagusa soda wala andazi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, na kwamba ni heri zaidi akibaki chini ya 25. Sukari hiyo ya vikombe vinne ina nguvu ya kiasi cha kalori 190, na ili kuzimaliza mzee atalazimika kutembea zaidi ya nusu saa. Hatusemi chai iachwe. Punguza kijiko kimoja juma hili, kingine juma lijalo, tia tangawizi au mchaichai, na ulimi utazoea.

Wala tusikidharau chakula cha nyumbani. Ugali wa uwele au wa mtama usiokobolewa, kwa mlenda na maharage, hushibisha kwa muda mrefu kuliko chapati na maandazi yaliyokaangwa. Kwa mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu, mlenda si chakula cha kishamba hata kidogo, mradi chumvi isizidi. Kipimo cha chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo kisichojaa, kwa vyakula vyote kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye mwendo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ni kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Wenye miaka 65 na zaidi huongezewa mazoezi ya nguvu na ya kujimudu mwili wasianguke. Asiyeweza kufikia kiasi hicho kwa sababu ya maradhi afanye awezacho. Dakika kumi ni bora kuliko sifuri.

Kwa mazingira yetu, msimtoe mzee alfajiri. Baridi hukaza mishipa ya damu, nalo shinikizo hupanda. Ngojeni hadi saa tatu, jua likishapasha ardhi. Kabla ya kutoka, azungushe mabega na kukunja magoti ndani ya nyumba kwa dakika tano. Ajifunike kanga au skafu puani ikiwa ana pumu, maana upepo wa Dodoma hubeba vumbi. Avae viatu vilivyofungwa, si kandambili. Mwenye kisukari akaguliwe nyayo kila jioni, na ikiwa anatumia dawa za kisukari, abebe kitu kitamu mfukoni. Anywe maji hata kama hana kiu. Atembee kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba. Akiumwa kifua, akikosa pumzi kuliko kawaida au akipata kizunguzungu, asimame na apelekwe kwa mganga mara moja.

Siku ambazo upepo hautoki mlango wazi, kiti kilekile kilichomfunga kinaweza kumfungua. Ainuke na kuketi mara kumi bila kushika kitu, kama aweza. Ashike mwimo wa mlango na kusimama kwa mguu mmoja. Anyanyue chupa ya maji ya lita moja kwa kila mkono. Lakini msimkalishe kando ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu waliolala.

Na ambaye macho yake yamefifia? Buigiri, nyumbani pa shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1950, haihitaji kufundishwa kwamba asiyeona hutembea. Chagueni njia moja iliyo sawa, ondoeni mawe, na mjukuu ampe babu bega lake. Mjukuu huyo naye atafaidika, kwani watoto wa mjini nao wanaketi mno.

Taifa letu lina historia katika jambo hili. Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya redio, wakajifunza na kuchimba vyoo kwa mikono yao dhidi ya maradhi ya wakati ule. Desemba 2016 wananchi waliagizwa kuitumia Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi. Adui wa leo, shinikizo na kisukari, hapigiwi kelele, kwa kuwa huingia kimya kimya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza leo na kazi za nyumbani. Mrudishie mama ufagio wake, umwachie kuku awalishe na kibustani cha mchicha akimwagilie. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na shinikizo mara moja kwa mwezi, na matokeo yaandikwe daftarini. Kisha Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, mwambie mwende pamoja kuwaamkia majirani kwa "Mbukwenyi", tena kwa miguu. Mzee anayehitajiwa nyumbani huinuka mwenyewe asubuhi.