"Mfumo Uko Chini": Nani Aliyeushusha?

Kila msimu wa usajili wa wanafunzi unapowadia, tunaambiwa maneno yaleyale matatu: mfumo uko chini. Hutamkwa kwa upole wa mtu anayetangaza mvua, kana kwamba hakuna mkono wa binadamu uliohusika. Mwanafunzi aliyesafiri usiku kucha ili ajisajili kabla ya muda kwisha hukaa sakafuni akiikodolea macho simu yake. Baada ya wiki chache husikia kwamba taasisi imeomba fedha za kununua seva nyingine.

Ununuzi huo naupinga, na sababu yangu ni ya hesabu. Chukua PostgreSQL, hifadhidata mashuhuri duniani. Kila muunganisho unaofunguliwa kwake huzaa mchakato wake wenyewe wenye kula kumbukumbu, na kikomo inachokuja nacho ni miunganisho 100 tu. Sasa tuseme data imegawanywa katika nodi 6, yaani mashine 6 za hifadhidata, na mbele yake zipo seva 40 za programu, kila moja ikishikilia miunganisho 20 kwa kila nodi. Kila nodi inabeba miunganisho 800, mingi yake ikiwa imekaa bure. Zifanye seva za programu kuwa 80, na nodi ileile itabeba 1,600. Ongeza nodi ya saba: zile sita hazipunguziwi hata muunganisho mmoja, maana kila seva inaunganishwa na zote. Fedha zimekwenda, mzigo uko palepale.

Mwenye shaka na asome maelezo ya Amazon yenyewe kuhusu Novemba 2020. Huduma yake ya Kinesis huko Virginia Kaskazini ilianguka baada ya seva kuongezwa. Kila seva ya mbele ilihitaji uzi mmoja wa uchakataji kwa kila mwenzake, na ongezeko dogo likavuka kikomo cha mfumo endeshi katika seva zote. Haikuwa hifadhidata, lakini hesabu ni ileile, na hao ni matajiri.

Dawa ipo tangu 2007. PgBouncer, programu ndogo iliyozaliwa Skype, hukaa katikati na kuwapokezanisha maelfu ya wateja miunganisho michache. Kila mmoja huurudisha wake muamala unapokwisha. Ina gharama zake: mipangilio ya kikao haidumu, na watayarishaji wa programu watalazimika kuandika upya sehemu kadhaa. Ila hutolewa bure. Haina mzabuni, haina utepe wa kukatwa, wala posho ya safari ya kukagua mitambo. Nashuku ndiyo maana haitajwi vikaoni.

Nawataka wajumbe wa bodi za zabuni waulize jambo moja kabla ya kutia saini: siku ya mwisho ya usajili, kila nodi itabeba miunganisho mingapi, na mteja wa ziada atasubiri wapi? Katika nyaraka nilizowahi kuonyeshwa, namba hiyo sijaiona hata mara moja.