Chama cha wazee: tuingie, lakini tujue kinaweza nini

Katika miji yetu ya mashariki, karibu kila mzee aliyeacha kazi anafikiwa siku moja na mjumbe wa chama fulani. Anaambiwa: lipa feza ya kadi, toa mchango wa kila mwezi, utasaidiwa ukigonjwa, utazikwa kwa heshima, na wakubwa wa inchi watasikia sauti yako. Mwalimu mstaafu, muuguzi wa zamani, mjane wa mfanyakazi wa reli, wote wanajiuliza swali moja: franga zangu zitanifaa ao zitapotea?

Mawazo yangu ni kwamba ahadi hizo tatu hazina uzito sawa. Ya kuwasemea wazee, chama chao kinaiweza vizuri. Zile za magonjwa na kilio, kikiwa peke yake, kinaziweza kidogo sana.

Tuangalie hesabu. Tuchukue mfano wa chama cha watu 40, kila mmoja anatoa franga 2.000 kwa mwezi. Kama hakuna aliyekosa hata mara moja, sanduku linapata franga 960.000 kwa mwaka. Kama chama kiliahidi franga 300.000 kwa kila kilio, vilio vitatu vinakula 900.000. Wagonjwa wote wa mwaka huo wanabakishiwa franga 60.000. Na kati ya watu 40 wenye kupita miaka 70, vilio vitatu kwa mwaka si jambo la kushangaza. Mwaka unaofuata wanabaki 37, michango inapungua, na waliobaki wamezeeka zaidi.

Likirimba haina shida hiyo, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake na anapokea kile alichotoa. Kusaidiana kwa magonjwa na kilio ni kitu kingine. Kunahitaji vijana na wazee katika sanduku moja: kijana mwenye afya anachangia leo kwa ajili ya mzee, kesho wengine watachangia kwa ajili yake. Ukiwaweka wazee peke yao, wote wanakuwa na lazima kwa wakati mmoja. Basi kwa matunzo ya hospitali, ni heri mzee aandikwe pamoja na watoto na wajukuu katika mutuele ya afya. Inchi yetu ina sheria juu ya mutuele tangu tarehe 8 mwezi wa pili 2017. Mutuele inayofuata sheria hiyo ni ya kuulizia kwanza.

Kwa nini basi niseme tuingie? Kwa sababu ya haki. Artikle 49 ya Katiba ya 2006 inasema kwamba mtu mwenye umri mkubwa ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Maneno hayo ni mazuri, lakini mzee mmoja mbele ya dirisha la ofisi hana nguvu ya kuyadai. Pensheni inaomba karatasi za kazi za miaka mingi na cheti kinachohakikisha kwamba bado uko mzima. Mwenye kukosa karatasi moja anarudishwa nyumbani. Kule Goma na Bukavu, ambako banki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, hata yule aliye na karatasi zote alijikuta hajui atapokea feza yake wapi. Katika mambo kama hayo, chama chenye majina 200, chenye mwandishi anayejua kuandika barua na kufuatilia jibu lake, kinafaa kuliko mashemeji kumi.

Wazee wa Katanga wanajua jambo hilo. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, ulioanza 2003. Wengi waliona kwamba kile walichopewa hakikulingana na miaka yao ya kazi. Walijiunga, wakaandika, wakafikisha malalamiko yao hadi Benki ya Dunia. Mtu mmoja wa Likasi ao Kolwezi asingefika huko peke yake.

Kuna tena faida isiyoandikwa katika daftari. Wako wazee ambao watoto wao walikimbia vita ao walikufa. Kwao, wanamemba wawili wanaokuja kubisha mlango kila juma ni dawa. Hiyo haiombi sanduku kubwa.

Lakini mbele ya kutoa franga ya kwanza, uliza. Sanduku liko kwa nani, na ni watu wangapi wanaotia sahihi ili feza itoke? Ripoti ya mwaka inasomwa mbele ya wote, kwa luga ambayo wote wanasikia? Nikikosa miezi mitatu, nafutwa? Nikifa, mke wangu anabaki memba ao anasahauliwa? Kisha omba uonane na watu watatu waliosaidiwa mwaka uliopita. Kama hawapatikani, rudi nyumbani na feza yako. Uliza pia hati za chama: sheria ya vyama visivyotafuta faida iko tangu 2001, na chama cha kweli hakifichi statuti zake. Na kile kinachoamka tu wakati wa uchaguzi, ili wazee wavalishwe vitenge vyenye sura ya mgombea, hicho kinauza majina yenu.

Kwa viongozi wa vyama, ombi langu ni moja: punguzeni ahadi. Waambieni wazee waziwazi kwamba mtawafuatilia karatasi, mtawatembelea na mtasema kwa ajili yao, kwa mchango mdogo ambao hata mjane anauweza. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli. Lakini mwenye kuahidi mazishi arobaini kwa feza ya mazishi matatu anawadanganya watu ambao hawana tena miaka ya kutafuta feza nyingine.