Wakubwa wa Gécamines wanahitaji kujua nini kila juma?

Gécamines, ambayo makao yake makuu yako boulevard Kamanyola mjini Lubumbashi, si tena ile kampuni iliyotoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Leo sehemu kubwa ya mali yake ni hisa ndani ya kampuni za ubia: asilimia 20 kule Tenke Fungurume, ambako CMOC ya China ina 80, na asilimia 25 ndani ya KCC ya Kolwezi, pamoja na Glencore. Zamani mkurugenzi aliuliza mgodi umetoa tani ngapi. Sasa anapaswa kuuliza mshirika ametoa tani ngapi, na Gécamines inamdai nini. Swali limebadilika, kwa hiyo na mfumo wa habari unapaswa kubadilika.

Mambo ya Tenke Fungurume yalionyesha hasara ya kukosa jibu. Kwa mkataba, akiba ya madini ikionekana kupita kiwango kilichowekwa, Gécamines inapaswa kulipwa. Gécamines ilidai kwamba akiba ilitangazwa pungufu, CMOC ikakana. Februari 2022 mahakama ya Lubumbashi iliweka msimamizi wa muda. Kuanzia Julai madini yalizuiwa kutoka, yakarundikana mgodini hadi mwaka uliofuata. Aprili 2023 wakapatana: dola milioni 800 kwa Gécamines kwa muda wa miaka 6, pamoja na gawio la si chini ya dola bilioni 1.2 katika maisha ya mgodi. Hata aliyekuwa na haki awe nani, ugomvi wote ulizunguka hesabu moja, na hesabu hiyo ilikuwa mikononi mwa anayechimba.

Wengi wanafikiri dawa ni kununua programu. Inakuja, ina michoro ya rangi zote, na kila idara inatupia humo ilicho nacho. Mkubwa anapokea kurasa mia, hazisomi, anashika simu na kumuuliza mtu wake wa Kolwezi. Simu hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mfumo haukufaa. Tangu 1979, John Rockart wa chuo cha MIT, Marekani, aliandika kwamba wakubwa wenyewe ndio waseme ni mambo gani machache yakiharibika kampuni inaanguka, kisha habari zikusanywe kwa hayo. Mtaalamu wa kompyuta aje baadaye.

Kwa mwenye hisa chache, mambo hayo yanaenea kwenye ukurasa mmoja: akiba iliyotangazwa mwaka huu ukilinganisha na mwaka jana, tani zilizotoka mgodini na tani zilizovuka mpaka wa Kasumbalesa, bei ya shaba London, pesa zinazodaiwa na tarehe ya kulipwa. Tani za mgodini zisipolingana na za mpakani, mstari huo uwe wa kwanza, si kufichwa ukurasa wa arobaini. Ukurasa wenyewe ufunguke kwenye simu, kwa sababu mkubwa yuko njiani kwenda Likasi, na umeme wa SNEL haumngojei mtu.

Haja hiyo imezidi, maana mapatano ya 2023 yaliipa Gécamines pia haki ya kuchukua na kuuza yenyewe fungu lake la madini kulingana na hisa zake. Anayeuza hawezi kungoja ripoti ya mwisho wa mwaka.

Ila kuna jambo ambalo programu haiwezi kulifanya. Namba zote zikitoka kwa mshirika, ukurasa mzuri utarudia tu maneno yake. Gécamines inahitaji wajiolojia na wahesabu wake ndani ya kila mgodi wa ubia, wenye ruhusa ya kupima wenyewe na kutuma hesabu yao moja kwa moja Lubumbashi, hata ikiwa habari mbaya, bila kupitia kwa wakubwa watano wa katikati ambao kila mmoja anailainisha kidogo.