Kikombe cha dada wa kazi

Wewe kijana wa Machakos unaijua foleni ya maji. Sasa fikiria umefika na mtungi wako, halafu uambiwe usiguse bomba, ati mkono wako utayachafua maji. Kisa na maana? Ukoo uliozaliwa.

Hivyo ndivyo Wadalit wa India walivyoishi. Mwaka 1927 B. R. Ambedkar, msomi wa sheria aliyezaliwa miongoni mwao, aliwaongoza kunywa maji ya bwawa la umma pale Mahad. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wenzake. Dini hiyo ilizaliwa India, na ilikuwa imekaribia kutoweka huko. Waliichagua kwa sababu waliona haimpimi mtu kwa kuzaliwa kwake.

Usidhani hayo ni ya mbali. Mwaka 1945 Wakamba waliotaka kanisa linaloongozwa na Waafrika wenyewe, si wamisionari, walianzisha African Brotherhood Church. Makao yake makuu yako hapa kwetu, Mitaboni. Nao pia walitaka kuabudu bila kuwekwa chini ya mtu.

Lakini hebu tuulizane ukweli. Kwenu nyumbani, dada wa kazi ana kikombe chake cha pembeni? Anakula jikoni nyinyi mkiwa mezani? Basi tabaka tunalo, ni vile tu hatujalipa jina. Leo jioni mwite mezani, na chai mtilie kwenye kikombe kama chako.