Msiwalaumu Wanaonunua Wali wa Jioni

Kuanzia saa kumi na mbili jioni, katika mitaa ya Handeni mjini na ya Korogwe, watu husimama mbele ya mabanda ya mama lishe wakiwa na mabakuli na hotipoti mkononi. Mmoja anafungiwa wali na maharage, mwingine chapati sita, wa tatu anataka mchuzi peke yake kwa kuwa ugali atausonga mwenyewe. Hao si wasafiri waliokosa pa kulala. Ni wenyeji, wenye nyumba, majiko na masufuria yao. Na hukumu yao imekwisha kutolewa vijiweni na kwenye vikao vya ndoa: wanawake wa siku hizi ni wavivu, nyumba isiyowasha moto imekwisha, fedha zinaliwa ovyo na watoto wanalishwa mafuta.

Nimeisikia hukumu hiyo mara nyingi, na wanaoitoa wengi wao ni watu wema wanaoitakia mema familia. Lakini imekosea sababu, na anayekosea sababu hukosea dawa. Familia nyingi zinazonunua chakula kilichopikwa katika miji hii miwili zimepiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi kuliko ya wanaozisema.

Tuanze na moto. Maharage makavu yasiyolowekwa huhitaji kama saa mbili jikoni, na makande huzidi hapo. Katika muda huo jiko la mkaa haliulizi ndani ya sufuria mna nini. Robo kilo ya maharage inaweza kula mkaa unaokaribia ule wa kilo mbili za maharage, kwa sababu mkaa unalipia muda wa kuchemka zaidi ya wingi wa kinachochemka. Kwa hiyo mama mwenye watoto wawili anayechemsha robo kilo anaulipia moto wote peke yake. Mama lishe anayechemshia watu 40 anaugawa moto uleule kwa sahani 40. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha kuuza sahani kwa bei ya chini na bado akabaki na chochote. Kuloweka maharage usiku kunasaidia, na jiko la umeme la presha linasaidia zaidi, ila jiko hilo hununuliwa kwa fedha za mkupuo ambazo kaya nyingi hazina siku moja zikiwa pamoja.

Hapo ndipo shida ya pili ilipo. Mwenye uwezo hununua gunia la mkaa, dumu la mafuta na kilo 20 za mchele. Mwenye kipato cha kutwa hununua mkaa wa kopo, mafuta ya kupimiwa, nyanya za fungu na kitunguu kimoja. Ukizijumlisha hizo rejareja utakuta amelipa zaidi kwa kila kilo kuliko jirani yake mwenye gunia. Mama lishe hununua kama mwenye uwezo, kwa gunia na kwa dumu, kisha humuuzia mwenye kipato cha kutwa kipande cha unafuu huo. Anayesema kwamba kupika nyumbani siku zote ni rahisi ana uhakika wa gunia la mkaa stoo. Asiye na gunia anaijua bei nyingine.

La tatu ni maji, na hapa Handeni ina lake la kusema. Uhaba wa maji Handeni ni wa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi wa kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni, lakini mahitaji yalikua na mitambo ikachakaa. Mwezi Juni 2022 serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa Miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika orodha hiyo. Ni hatua kubwa. Lakini kwa miaka hiyo yote kaya ya Handeni imekuwa ikinunua maji kwa dumu, au ikimtuma mtoto kisimani kabla ya shule. Kupika mlo mmoja ni kuosha mchele, kuchemsha, kuosha sufuria, sahani na mikono. Dumu la lita 20 linakwisha upesi. Mahali ambapo maji yana bei, kununua chakula kilichoiva ni namna ya kununua maji machache zaidi. Mhubiri anayewasema akina mama kwa kutopika angeanza kwa kuhesabu madumu.

La nne ni saa za kazi. Mkataji mkonge wa Ngombezi, Magunga au Mwelya huamka kabla ya alfajiri ili amalize kazi yake jua halijawa kali. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Magambazi, huko Handeni, hawana ratiba ya kukaa jikoni. Segera na Mombo zinaishi kwa mabasi na malori, na kule anayeuza machungwa au karanga dirishani hawezi kumwambia dereva asubiri maharage yake yaive. Mama aliyepanga nyanya sokoni tangu asubuhi hufunga biashara magharibi, na mauzo mazuri ni ya saa hizohizo ambazo wakosoaji wangependa awe nyumbani anakuna nazi. Akiondoka mapema anapoteza wateja wa jioni. Akibaki, anauza, ananunua wali wa familia kwa sehemu ya alichopata, na anafika nyumbani akiwa na chakula na faida. Huo ni uamuzi wa mfanyabiashara anayejua thamani ya saa yake.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya sasa, ya utandawazi, na kwamba zamani kila nyumba ilipika. Historia ya miji hii inasema vingine. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na pamoja nayo yakaja mashamba ya mkonge na maelfu ya vibarua waliotoka mbali. Kuanzia miaka ya 1940 wenye mashamba walikuwa na wakala wao, SILABU, wa kuwakusanya vibarua hao, yaani manamba, kutoka pande mbalimbali za nchi. Wengi walikuja bila wake, wakapewa posho ya unga na maharage, na kando ya makambi hayo wanawake wakafanya biashara ya chakula kilichopikwa na pombe. Korogwe imekua kama mji wa watu wanaolipia sahani. Na katika nyumba za Kiswahili za ukanda huu, asubuhi haijawahi kuwa ya jiko la kila mtu. Mtoto hupewa sarafu akanunue vitumbua, maandazi, bagia au mihogo kwa jirani anayejulikana mtaa mzima kwa mkono wake. Hatujamwita bibi yeyote mvivu kwa kununua vitumbua vya asubuhi. Sasa kinachofanya wali wa jioni uwe aibu ni nini?

Tujiulize pia kuhusu kinu. Wazee wetu walitwanga na kusaga mahindi kwa mikono, na sifa ya mke ilipimwa kwa weupe wa unga wake. Zilipokuja mashine za kusaga, kazi hiyo ikatoka nyumbani ikaenda kwa mtu mwenye injini, na tunamlipa. Hakuna anayesema leo kwamba nyumba isiyo na kinu haina mama. Tulikubali kwamba kazi nzito ikifanywa mahali pamoja kwa ajili ya wengi, wote wanapumua. Kuchemsha maharage kwa saa mbili ni kazi ya jinsi hiyohiyo. Imeanza kutoka nyumbani kwa sababu ileile, na wanaoiondoa wana akili timamu kama waliopeleka mahindi mashine.

Na neno uvivu lenyewe linaangukia wapi? Kila sahani inayonunuliwa jioni imepikwa na mtu, na mtu huyo ni mwanamke karibu kila mara. Ameamka alfajiri, amebeba maji, amepuliza moto, amekoroga sufuria ambayo hainyanyuki kwa mkono mmoja, ameosha sahani hadi usiku. Kazi ya kupika haijapungua Handeni wala Korogwe. Ilichopata ni malipo. Nyumbani ilifanywa bure na ikaitwa wajibu. Kibandani inaleta ada ya shule na kodi ya chumba. Nashuku kwamba sehemu ya hasira tunayoisikia inatokana na hilo, kwa maana lawama hizi humfuata mke peke yake. Mume anayerudi saa moja jioni akiwa na mikono miwili haulizwi kwa nini yeye hakubandika sufuria.

Sasa nizipe hoja za upande wa pili haki yake, kwa kuwa mbili kati ya hizo ni nzito. Ya kwanza ni afya. Mafuta yanayokaangiwa chipsi kutwa nzima hadi yakawa meusi hayafai kwa mtoto wala mzee. Chakula cha moto kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki ni jambo baya, na linaendelea ingawa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mboga za majani kwenye sahani ya kununua mara nyingi ni kijiko kimoja tu. Ya pili ni fedha: familia yenye watu wanane, yenye gunia la mahindi kutoka shambani na kuni za karibu, ikinunua kila mlo itajifilisi. Nakubali yote mawili.

Lakini angalieni yanatufikisha wapi. Hoja ya fedha inathibitisha kwamba jibu linategemea ukubwa wa kaya, bei ya mkaa na umbali wa maji, wala halitegemei tabia njema. Ndiyo maana familia nyingi huchanganya: ugali na mchicha vya nyumbani, maharage ya kununua. Wanaacha kazi inayokula moto wakabaki na inayokula dakika 20. Na hoja ya afya inatuelekeza kibandani. Ikiwa mafuta ni mabaya, yakaguliwe yanapokaangwa. Kumsema mnunuzi hakubadilishi mafuta ya muuzaji.

Kuna nchi iliyochukua njia hiyo. Singapore ilikuwa na maelfu ya wapishi wa barabarani, wasio na maji wala mifereji. Kati ya mwaka 1971 na 1986 serikali iliwahamishia kwenye vituo maalumu vyenye mabomba, mifereji na ukaguzi. Familia za kule hula na kubeba chakula kutoka vituo hivyo hadi leo, na Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Hawakuwaambia wananchi warudi jikoni. Walilisafisha jiko ambalo wananchi walikuwa wamekwisha kulichagua.

Handeni na Korogwe zinaweza kuanza na vilivyopo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Kikundi cha mama lishe kinachoomba masufuria yenye mifuniko, meza za kufutika na mtungi mkubwa wa gesi kipewe nafasi ya mbele. Mabomba ya Miji 28 yafike kwenye mabanda ya stendi na sokoni mapema kama yanavyofika ofisini. Na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, uwahesabu wapishi hawa. Mitungi ya kilo 6 ya ruzuku inagawiwa majumbani, lakini kuijaza tena kunadai fedha za mkupuo, na kaya ya kipato cha kutwa hurudi kwenye mkaa wa kopo. Mama lishe ana mauzo ya kila siku ya kumwezesha kujaza gesi. Akiacha mkaa yeye mmoja, maharage ya mtaa mzima yameacha mkaa, na misitu ya Handeni, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikatwa kulisha majiko ya miji mingine pia, itapata ahueni.

Anayejali kweli chakula cha watoto wa miji hii ana mahali pa kwenda kesho. Asiende kwa jirani aliyebeba hotipoti. Aende kwenye kikao cha mtaa au kwa diwani wake, aulize ni mabanda mangapi yana bomba, bwana afya alipita lini, na mikopo ya mwaka huu imewafikia wapishi wangapi. Akipata majibu mazuri, watoto watakula vizuri, wawe wamepikiwa na mama yao au na mama wa jirani.