Mkeka Mpya, Mpira Uleule

Makamanda, kila mkeka ukitoka Ikulu nasoma status zenu. "Afadhali huyu katolewa." "Huyu mpya ni mchapakazi." Hata kwetu Getanuwas, mkuu wa wilaya akihamishwa kijiwe kizima kinashangilia kama goli la dakika ya 90. Jamani, tunashangilia nini?

Tuanze na mpira, maana huko hatudanganyani. Kuanzia Gomes alipoichukua Simba Januari 2021 hadi Benchikha alipoondoka Aprili 2024, walipita makocha watano wa kigeni: Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Benchikha. Katikati anaitwa Mgunda kuziba pengo. Robertinho alitimuliwa siku chache tu baada ya zile 5-1 za Novemba 2023. Matokeo? Baada ya ubingwa wa 2020/21, misimu minne mfululizo kombe likaenda Jangwani.

Safu ya ushambuliaji ndiyo huumia zaidi. Kocha huyu anataka straika akae na mpira mgongo ukiwa golini, anayefuata anataka akimbie nyuma ya mabeki. Straika akisita sekunde moja kujiuliza, nafasi imepita. Mwangalie Mayele chini ya Nabi, aliyekaa Yanga miaka miwili na ushee: mabao 17 ya ligi msimu wa 2022/23, na Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Mtabisha: mbona 2024/25 Yanga ilipita kwa Gamondi, Ramovic na Hamdi, na bado ikabeba ubingwa? Sawa kabisa, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kikosi kilishajengwa na timu ilishazoea kushinda. Kocha mpya alikuta kitu kinachofanya kazi. Msingi ukiwa mbovu, hata umlete nani, utamfukuza naye.

Sasa rudi Hanang. Msingi wetu ni upi? Ibara ya 61 ya Katiba inampa Rais kuteua wakuu wa mikoa ya Bara. Wakuu wa wilaya na wakurugenzi nao ni wateule wake. Chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa, mkuu wa wilaya anaweza kuamuru uwekwe ndani hadi saa 48 kwa madai ya kuhatarisha amani. Wewe uliyempokea kwa ngoma huna kura ya kumweka wala ya kumtoa.

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya NAFCO na Kijiji cha Mulbadaw, hapahapa Hanang. Kijiji kilishinda Mahakama Kuu, rufani kikashindwa, ardhi ikabaki kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Tangu hapo wakuu wa wilaya wangapi wamekuja na kuondoka? Hakuna hata mmoja aliyeletwa na kura ya mfugaji wa Kibarbaig.

Rasimu ya pili ya Tume ya Warioba ilikabidhiwa Desemba 2013. Bunge Maalumu likaichakachua, likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa. Mpaka leo kimya. Ila mikeka haijawahi kuahirishwa!

Na sisi chamani tujiangalie. Tukishindwa uchaguzi tunataka kichwa cha mwenezi, wakati kata nzima haina wakala aliyefundishwa kusimamia kura. Huo nao ni usimba wa 2023.

Mkeka ujao ukitoka, usipost pongezi. Post maswali mawili: huyu anawajibika kwa nani, na sisi wa Getanuwas tunamtoaje akishindwa? Kama jibu ni "subiri Ikulu", basi acha kujadili kocha. Dai Katiba Mpya.