JIBWA: KUNUNUA SI KAZI, KAZI NI KULEA

Mwananchi aliyeibiwa mbuzi wake usiku hastahili lawama akitafuta mlinzi. Na mlinzi anayesifiwa sana siku hizi, mijini na hata vijijini, ni mbwa wa zile aina kubwa kupindukia: Boerboel wa Afrika Kusini, mastifu wa Uingereza, au Great Dane aliyeendelezwa na wafugaji wa Ujerumani. Mtoto wa mbwa huyo akiwa na majuma manane hubebeka mkononi, naye huuzwa kwa sifa nyingi na maelezo machache. Baada ya miezi kumi na minane mnunuzi hujikuta na mnyama wa kilo 60 au zaidi, mwenye uzito sawa na wa mtu mzima. Hapo ndipo maswali huanza kuulizwa, ilhali wakati wa kuyauliza ulikwisha pita. Tungependa yaulizwe mapema.

Katika tarafa zetu za mpakani haja ya ulinzi si jambo la kubuni. Mugoma ni kata ya Wilaya ya Ngara, na Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakiyakimbia mauaji ya Rwanda. Watu wa Ngara waliwapokea kwa utu. Lakini vita vya nchi hizo mbili vilitawanya silaha, na kwa miaka mingi baadaye ujambazi uliwasumbua wasafiri katika mapori ya Ngara na Biharamulo. Anayefuga mbwa huko hafugi kwa anasa.

Kwa sababu haja ni ya kweli, jawabu nalo hapana budi liwe la kweli. Swali la kwanza ni la chakula. Kwa hesabu za kawaida za lishe, mbwa wa kilo 60 huhitaji nguvu ya chakula ipatayo kalori 2,400 kwa siku, kiasi kinachomtosha mtu mzima. Kama nguvu hiyo yote ingetoka katika unga wa mahindi, zingehitajika gramu 670 kila siku, yaani magunia mawili na nusu ya kilo mia kwa mwaka. Nao ugali peke yake haumtoshi mbwa. Anahitaji nyama, dagaa au mabaki ya machinjioni. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye kilo 15 hivi, hutosheka na theluthi ya chakula hicho. Kaya inayokula mlo mmoja na nusu kwa siku wakati wa kiangazi haina budi kujiuliza ni nani atakayepunguziwa sahani ili jibwa lishibe. Tena jibwa lenye njaa halilindi boma. Hutoroka kwenda kutafuta riziki, na riziki ya karibu ni kuku na mbuzi wa jirani.

Swali la pili ni la mwili wenyewe. Mbwa wa aina hizi hukua upesi mno, na mifupa yake hukomaa polepole. Mtoto akishindiliwa chakula ili anenepe haraka, au akiongezewa madini ya chokaa kwa kudhani kuwa anaimarishwa mifupa, viungo huharibika akabaki mlemavu. Kuteguka kwa nyonga ni maradhi ya ukoo katika aina hizi, ndiyo maana mnunuzi mwenye busara hutaka kwanza kuwaona baba na mama wakitembea. Yako pia maradhi ya tumbo kujaa hewa na kujipinda, ambayo huua kwa saa chache asipopatikana daktari wa kupasua. Kisha, baada ya gharama zote hizo, umri wao ni mfupi: wengi huishi miaka saba hadi kumi tu, na miwili ya mwanzo ni ya utoto.

Swali la tatu ni la ardhi yetu, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ni makazi ya mbung'o tangu zamani. Mbung'o huambukiza nagana, na nagana haichagui ng'ombe peke yake. Mbwa wa asili ya kigeni akiambukizwa huvimba, macho yake hugeuka rangi ya maziwa ya samawati, na asipotibiwa mapema hufa kwa muda wa majuma. Yako tena maradhi yanayoletwa na kupe. Mbwa wa kienyeji amerithi uvumilivu fulani kutokana na vizazi vingi vya kuishi humu. Jibwa lililozaliwa Nairobi au Johannesburg halina urithi huo. Anayeishi kandokando ya hifadhi asinunue kabla ya kujua daktari wa mifugo wa karibu yuko wapi, na kama dawa ya nagana inapatikana kwake.

Sasa tuwageukie wasomaji wetu wa visiwani: wa Goziba na Ikuza wilayani Muleba, wa Ukerewe, na ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Kwenu swali kubwa ni kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kuwa maradhi haya huua watu wapatao 1,500 kila mwaka katika Tanzania, wengi wao wakiwa watoto, na dalili zikishaonekana hakuna tiba. Kisiwa kina ngome ambayo Bara haina, kwani bahari na ziwa humzuia mbwa mwenye kichaa asivuke kwa miguu. Ngome hiyo hubomolewa na binadamu anayempakia mbwa chomboni.

Pemba inatufundisha jambo hili waziwazi. Kwa kampeni za chanjo kisiwa kizima, kichaa cha mbwa kilikomeshwa huko mwaka 2014. Mwishoni mwa 2016 kikarudi, na wataalamu waliochunguza virusi vyenyewe waligundua kuwa viliingizwa upya kutoka nje ya kisiwa mara mbili. Maradhi yalienea tena, na hayakumalizwa mpaka Oktoba 2018, baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurudishwa. Mizigo miwili tu ilitosha kuvuruga kazi ya miaka. Kwa hiyo yeyote anayetaka kupeleka mtoto wa mbwa kisiwani, awe jibwa au koko, asimpakie bila cheti cha chanjo na kibali cha afisa mifugo. Nahodha naye asikubali kumbeba.

Visiwani kuna jambo lingine la kuzingatia, nalo ni ujirani. Wakazi wengi wa Unguja na Pemba ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mafundisho hayohayo yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mashamba. Kwa hiyo tatizo si kumfuga, ni kumwachia. Jibwa linalorandaranda katika vichochoro, au katika kambi ya wavuvi ambamo vibanda vinagusana, humnyima jirani amani ya kwenda kuswali na humtia mtoto hofu ya kwenda shule. Asiye na uwanja wenye ua madhubuti asinunue.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwenye mnyama ampatie chakula, maji, makazi na matibabu. Kumfunga mbwa kwa mnyororo mfupi mchana na usiku ili awe mkali ni ukatili, tena hakuleti ulinzi. Mbwa wa namna hiyo hashiki mwizi. Huuma yeyote anayemkaribia, naye aliye karibu daima ni mtoto wa nyumbani.

Kwa viongozi wa serikali tuna haya ya kusema. Haifai kumwachia mwananchi mzigo wote wa kujua. Halmashauri za Ngara na Biharamulo ziwe na siku maalumu za chanjo kila mwaka, na lengo liwe kuchanja mbwa 7 katika kila 10, kiwango ambacho wataalamu wanakubaliana kuwa hukata mnyororo wa kichaa. Vituo vya Rusumo na Kabanga vikague mbwa kama vinavyokagua ng'ombe. Chanjo ya binadamu ipatikane katika vituo vya afya, visiwani vilevile, ili aliyeumwa asihangaike na mitumbwi siku mbili. Na kila shule ifundishe kwamba jeraha la mbwa huoshwa mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha mgonjwa hukimbizwa kituoni.

Kwa wananchi wa Mugoma na kwingineko, ushauri wetu ni huu. Mwenye chakula cha ziada, ua imara, daktari wa kumtegemea na subira ya miaka miwili, na anunue jibwa kwa heri. Asiye navyo asione haya kufuga mbwa wawili wa kienyeji, wenye afya na waliochanjwa, wanaobweka kwa wakati. Kazi ya mbwa ni kuamsha watu. Kazi ya kumkabili mwizi ni ya watu walioamka. Sungusungu, waliozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliwashinda wezi wa ng'ombe kwa umoja wa vijiji, kila nyumba ikiitika yowe la jirani. Mbwa akibweka na jirani asiitike, hata awe na kilo 80, mwizi ataondoka na mbuzi.